TAHADHARI: Flashi na memori kadi za "TB 2" zinazouzwa Dodoma kwa bei ya kutupa

Wakuu, hasa mlioko Dodoma mjini, UDOM na wilaya za jirani. Kuna flashi na memori kadi zinazungushwa zimeandikwa GB 512, TB 1 (yaani GB 1,000) mpaka TB 2, bei kati ya elfu kumi na tano na elfu thelathini. Zinatembezwa mkononi, zinapangwa kwenye meza za barabarani, na zinatangazwa kwenye kurasa za Instagram zinazotuma mzigo kwa basi. Msinunue. Ndani yake huwa kuna GB 8 au 16, ukibahatika 32, na hasara kubwa hapa si hiyo elfu ishirini. Hasara ni picha za harusi, ripoti ya field au mafaili ya ofisi utakayoyaweka humo ukiamini yapo.

Utapeli wenyewe uko hivi. Kila flashi ina chipu ya kuhifadhi, na ina chipu nyingine ndogo inayoiongoza. Kompyuta au simu haipimi ukubwa wa flashi, inaiuliza ile chipu ya kuongoza na kuamini inachojibiwa. Watengenezaji wa feki wanabadilisha programu iliyo ndani ya chipu hiyo ili ijibu "TB 2" wakati hifadhi ya kweli ni GB 16. Ni sawa na karani wa ghala Kibaigwa aandike magunia 1,000 kwenye daftari wakati ghalani yapo manane. Kwa hiyo mtu akikufungulia kompyuta na kukuonyesha kwamba flashi inasoma TB 1.8, hajakuthibitishia kitu chochote. Amekusomea daftari tu.

Ukishavuka kiasi cha kweli, kinachotokea hutegemea namna feki ilivyotengenezwa. Nyingine zinatupa data yote inayozidi: kopi inaenda hadi asilimia mia, jina la faili linaonekana, ukubwa wake unaonekana, lakini ndani hakuna kitu. Nyingine zinarudi mwanzo na kuandika juu ya data ya zamani, na hizi ni mbaya zaidi, kwa sababu mwanzoni mwa flashi ndipo inapokaa orodha ya majina ya mafaili. Orodha ikifutwa, flashi inaanza kukuomba uifomati, na hata vile vilivyoingia vizuri hupati tena kwa urahisi. Kwa aina zote mbili kompyuta haitoi onyo lolote wakati wa kukopi. Ndiyo maana watu wengi hugundua baada ya wiki au miezi, na wanadhani ni virusi au flashi imekufa kwa kuzeeka.

Sasa muelewe kwa nini majaribio ya muuzaji hayana maana. Atakopi nyimbo ishirini na kuzicheza mbele yako kwenye spika yake. Zitacheza, maana nyimbo ishirini ni kama MB 100 na GB za mwanzo ni za kweli. Mtego mwingine ni flashi inayouzwa ikiwa tayari "imejaa muvi": tamthilia ya Kikorea msimu mzima, muvi zilizotafsiriwa, katuni za watoto. Unafungua folda la kwanza, sehemu ya 1 inacheza safi, unalipa. Ukifika nyumbani, kuanzia sehemu ya 9 kila faili linakataa kufunguka. Mkikutana na flashi ya namna hiyo, fungueni folda la mwisho kwanza, kisha vuteni muvi hadi dakika zake za mwisho. Muuzaji akianza kukuharakisha, mrudishie.

Bei pekee ingetosha kumfukuza mtu. Memori kadi ndogo (microSD) za TB 1 zilitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019, na za TB 2 zimefuata miaka kadhaa baadaye. Za kweli bei yake ni laki kadhaa. Hakuna mzigo uliokwama bandarini wala kontena la mnada litakaloishusha TB 2 hadi elfu ishirini na tano.

Kabla ya kutoa hela, angalieni kadi yenyewe kwa ukaribu. Kadi za ukubwa wa zaidi ya GB 2 hadi GB 32 zina alama ya HC. Kuanzia juu ya GB 32 hadi TB 2, alama ni XC. Feki nyingi zinachapishwa bila umakini, kwa hiyo unakuta kadi imeandikwa GB 128 halafu pembeni ina HC. Hiyo ni feki, hakuna mjadala. Namba 10 iliyo ndani ya herufi C maana yake kadi isishuke chini ya MB 10 kwa sekunde wakati wa kuandika, na V30 ni MB 30. Kadi yenye V30 inayokopi kwa MB 4 kwenye kompyuta nzuri ina kasoro au ni feki.

Kwa flashi zinazodai ni USB 3 (aina yenye kasi zaidi), chungulieni ndani ya mdomo wake. Plastiki ya bluu haitoshi, mtu yeyote anaweza kuweka plastiki ya bluu. USB 3 ya kweli ina meno manne ya shaba mbele na mengine matano madogo nyuma yake. Ukiona manne peke yake, umeuziwa rangi. Zile "SSD" (diski) za nje za TB 8 na TB 16 zenye kava la bati nazo zimo kwenye kundi hili. Zikifunguliwa, mara nyingi mnakuta kibao kidogo cha saketi chenye memori kadi iliyogandishwa kwa gundi, na wakati mwingine kipande cha chuma cha kuongeza uzito ili mkononi ionekane ni kitu cha maana.

Jambo moja msilichanganye na utapeli: flashi halali ya GB 64 itasoma karibu 59.6 kwenye Windows, ya GB 128 itasoma kama 119, ya TB 1 itasoma GB 931. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Vilevile flashi ikikataa faili moja kubwa kuliko GB 4 huku nafasi ipo, tatizo ni fomati ya FAT32 (mpangilio wa zamani usiopokea faili la ukubwa huo), siyo feki. Msimgombeze muuzaji mwaminifu kwa hayo.

Kipimo cha kuaminika ni kuijaza flashi yote, kisha kuisoma yote. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, ilitolewa na jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Ipakueni kutoka heise.de na si kwenye kurasa za ajabu ajabu. Haihitaji kuinstoliwa. Flashi iwe tupu, ifungue programu, chagua lugha ya Kiingereza, chagua flashi yako, kisha bonyeza sehemu ya kuandika na kuhakiki. Itaandika mafaili ya GB 1 moja moja yanayoishia na .h2w, halafu itayasoma kuona kama kilichotoka ndicho kilichoingia. Mwisho inakuambia GB ngapi ni nzima na ngapi zimepotea. Kwa flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde, kuandika peke yake kunachukua karibu saa moja na dakika 47, kwa hiyo fanyeni umeme ukiwa wa uhakika au laptop ikiwa na chaji.

Kwa ile ya "TB 2" hakuna haja ya kusubiri. Kwa mwendo wa MB 5 kwa sekunde ingechukua zaidi ya siku nne. Kwenye H2testw wekeni kiasi cha MB 70,000 tu, kama saa nne za kuandika. Feki nyingi haziwezi kuvuka hapo. Ikifeli, umeshamaliza kazi. Ikifaulu bado hujathibitisha kwamba ni halali, inabidi uijaze yote.

Wenye kompyuta za Ubuntu (mfumo unaotumika badala ya Windows) wana programu ya f3, wanaandika: "sudo apt install f3", halafu f3write kwenye folda la flashi, chomoa, chomeka tena, kisha f3read. Kuchomoa huko ni muhimu, kwa sababu kompyuta inaweza kukusomea data iliyobaki kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) yake badala ya kuisoma flashi. Kuna pia ValiDrive ya Windows, ambayo inagusa maeneo 576 yaliyosambaa kwenye flashi nzima na kutoa jibu kwa dakika chache. Hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani kwenye laptop.

Asiye na kompyuta anaweza kutumia simu na waya wa OTG (wa kuunganisha flashi na simu), au kuchomeka memori moja kwa moja kwenye simu. Jaza muvi tofauti tofauti hadi ikaribie kujaa, chomoa, rudisha, kisha cheza ya kwanza, za katikati na ya mwisho. Usirudufishe muvi ileile moja mara thelathini. Kwenye feki zinazoandika juu ya data ya zamani, nakala mpya itakaa juu ya nakala inayofanana nayo, na zote zinaweza kucheza kana kwamba hakuna tatizo.

Kwa ambao mmeshanunua na mmeshaweka vitu: acheni kuandika chochote humo sasa hivi. Msikubali kufomati hata ikiomba. Kopini kinachofunguka kwenye kompyuta, mkifungua kila faili kuhakikisha. Yale yaliyovuka kiasi cha kweli hayapo, hayajawahi kuandikwa au yameshafunikwa, na hakuna fundi wala programu ya kuyarudisha. Mtu akikuomba elfu hamsini "ayavute", usitoe. Mafundi wanaweza kutumia f3probe kujua mwisho wa hifadhi ya kweli na f3fix kuikata flashi ibaki na GB zake halali. Ikishakatwa hivyo, itumike kwa nyimbo za bajaji tu, kwa sababu chipu zinazowekwa kwenye feki mara nyingi ni zile zilizokataliwa viwandani.

Halafu kuna suala la virusi, hasa kwa flashi zilizokuja zimejaa na kwa wanaopita steshenari nyingi kuchapisha kazi. Muvi haiwezi kuwa na mwisho wa .exe. Windows huwa inaficha miisho ya majina tangu kiwandani, hivyo faili linaloitwa "muvi.mp4.exe" unaliona kama "muvi.mp4" tu. Washeni kitufe cha kuonyesha miisho ya majina kwenye sehemu ya View ya folda. Mkikuta mafolda yamegeuka shotikati, msizibofye, kila mbofyo unaendesha kirusi. Skani kwanza kwa Defender, kinga ya virusi ya Windows, kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako). Mafolda halisi yatajitokeza, shotikati zifutwe. Wanafunzi, ikiwezekana tumeni PDF ya ripoti kwa barua pepe au WhatsApp, flashi yenye nakala pekee ya kazi yako isichomekwe kwenye kompyuta ya steshenari kabisa.

Kwa matumizi ya kawaida hamuhitaji TB. GB 64 inabeba nyimbo zaidi ya elfu kumi na mbili za MB 5, au muvi kama themanini na tano za MB 700. Na sabufa nyingi na redio za gari zinasoma FAT32 tu, kwa hiyo GB 32 ndiyo haina usumbufu. Nunueni duka lenye mlango, mpate risiti ya EFD iliyoandikwa ukubwa wa flashi, na mkubaliane kabla ya kulipa kwamba ikifeli kipimo ndani ya siku mbili inarudishwa. Muuzaji anayejua mzigo wake hakatai hilo. Kwa wanaoagiza Kariakoo kupitia mawinga (madalali), mzigo ukifika kwenye ofisi ya basi huna saa mbili za kuupima, na hela ikishatumwa kwa namba yenye jina la mtu asiyejulikana, kuirudisha ni kazi.

Aliyepigwa asitupe flashi. Tunza pakiti, risiti, picha ya matokeo ya H2testw, mazungumzo na ujumbe wa muamala. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na udanganyifu kwa mlaji umo kwenye Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Aliyetuma hela akazibwa mawasiliano aende polisi achukue RB (namba ya taarifa ya polisi) mapema, na apige simu kwa mtandao wake wa simu siku hiyohiyo kuomba muamala uzuiwe, maana hela ikishatolewa kwa wakala hakuna tena cha kuzuia.