Fundi wa Makoroboi aliyeuliza kwanza kabla ya kupiga windo

Nina steshenari Kirumba, hapa Mwanza, karibu na barabara inayoshuka Mwaloni. Nachapa barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya BMU (vikundi vya kusimamia uvuvi mwaloni), ratiba za mazishi na kadi za michango ya harusi. Mashine inayobeba kazi yote hiyo ni Dell OptiPlex 780, Core 2 Duo, ramu GB 4, niliyoinunua ikiwa mtumba mwaka 2016. Imenisomeshea watoto wawili, kwa hiyo mtu akiniambia "hiyo tupa tu, nunua nyingine", sipendi.

Kabla sijamsifu fundi huyu, nieleze kwa nini nilimwendea kwa woga. Mwaka 2021 mashine iligoma kuwaka, nikampelekea fundi mwingine, ambaye simtaji. Jioni akanirudishia ikiwaka vizuri, skrini safi kabisa. Nikafungua folda ya mitihani ya majaribio niliyowachapia walimu miaka mitano. Hamna kitu. Nikatafuta picha za msiba wa mama yangu. Hamna. "Mama, si nimepiga windo," akasema, yaani ameweka Windows upya na kufuta vyote, kwa sauti ya mtu anayesema amepiga deki. Mitihani niliichapa upya kidogo kidogo. Picha zile hazikuwa na nakala popote.

Safari hii shida ilikuwa tofauti. Mashine iliwaka, ila ilikuwa nzito: ukibonyeza kuwasha saa moja na nusu asubuhi, mteja wa kwanza anasubiri dakika nne nzima kabla hujafungua Word. Tovuti za kuombea kazi zikawa zinakataa kufunguka, na saa ya mashine ikawa inarudi nyuma miaka kila umeme ukikatika. Bado nilikuwa na Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 14, 2020. Chrome nayo haikutoa tena matoleo mapya ya Windows 7 tangu mwanzoni mwa 2023.

Kibanda chake kiko kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya simu, Makoroboi. Ni kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Akanipa shikamoo, akaipokea mashine, na kabla hajaichomeka kwenye soketi akaniuliza: "Mama, humu ndani kuna nini ambacho hutaki kipotee?"

Nilikaa kimya kidogo. Kwa swali hilo peke yake ningemlipa.

Akachomoa hadi diski (hard disk), ile inayotunza kazi zote, akaichomeka kwenye mashine yake, akaanza kunakili kila kitu kwenye diski ya nje. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Hakuishia folda ya Documents, kwa sababu alijua watu wa steshenari tunaweka kazi juu ya desktop na kwenye Downloads. Akanakili na fonti zangu za kadi, ambazo mimi mwenyewe nisingezikumbuka. Kisha akanigeuzia skrini: "Fungua mwenyewe, mama. Fungua tano, sita hivi, tuhakikishe zinafunguka." Nikafungua kumi na moja.

Alipofungua kasha ndipo nilipoelewa kwa nini feni ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Sisi wa kando ya ziwa tunawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi, wanaoingia ndani usiku kufuata taa. Feni ilikuwa ikiwavuta kwa miaka. Walikuwa wamegandamana kati ya mapezi ya bati la kupooza prosesa, tabaka la kijivu laini kama majivu ya mkaa, na ukilitazama kwa karibu unaona vibawa. Aliwatoa kwa brashi ya rangi, akamalizia kwa blowa, akafuta pesti ya zamani ya kupitisha joto la prosesa, iliyokauka kama udongo, na kupaka mpya. Saa iliyokuwa ikirudi nyuma ilitokana na betri ndogo ya duara ya CR2032 iliyokuwa imekufa. Alibadilisha kwa shilingi 2,000. Akanieleza kwamba tovuti nyingi zilikuwa zinakataa kwa sababu hiyo pia: tarehe ya mashine ikiwa ya zamani, brauza inaona vyeti vya usalama vya tovuti kama havijaanza kutumika.

Tukafika kwenye swali la mfumo gani. Hapa napo alinieleza kama mtu mzima. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 ambayo mashine yangu haina. Kuna mafundi wanaoilazimisha kuingia kwenye mashine za zamani, lakini tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 haiwaki kabisa kwenye Core 2 Duo, hata ulazimishe. Windows 10 ingeingia, ila huduma yake ya kawaida ilikwisha Oktoba 14, 2025, na ya kraki, yaani isiyolipiwa leseni, hakutaka kuniwekea kwenye mashine ninayoingizia nywila za wateja. Akapendekeza mfumo mwingine usio Windows, Linux Mint, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi, haina malipo, na matoleo ya 22 yanahudumiwa hadi 2029.

Nilikataa. Sikuijua.

"Basi ionje kwanza," akasema. Akachomeka flashi, akawasha, ilipotokea nembo ya Dell akabonyeza F12, akachagua flashi. Mfumo ukawaka wote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Akanipisha kiti nikachapa barua, nikafungua mihtasari ya BMU, nikatafuta tovuti zilizokuwa zinanikataa. Zikafunguka. Printa yangu ya HP nilikuwa nimeibeba kwa sababu aliniambia nije nayo. Ilihitaji programu ya ziada ishushwe mtandaoni, akatumia bando la simu yake, nusu saa, ikatoa karatasi. Ndipo nikasema sawa, mwanangu, weka.

Jambo moja alinionya mapema na namheshimu kwa hilo: Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, haitakuwepo. Kadi zangu zote za harusi nimezitengeneza kwa Publisher. LibreOffice, programu ya bure inayoshika nafasi ya Word, inazifungua kwa upande wake wa kuchorea uitwao Draw, lakini maua yanahama na majina ya kamati yanapanda juu ya picha. Akaniambia hata Microsoft wenyewe wametangaza kuiondoa Oktoba 2026, kwa hiyo siku ya kuhama ingefika tu. Hilo halikunifariji sana. Kadi mbili nimezitengeneza upya usiku baada ya kufunga duka, na bado hazijafikia uzuri wa zile za mwanzo. Mwenye duka la kadi pekee afikirie hilo vizuri kabla ya kuhama. Kwa barua na mihtasari sijaona shida, ila vichwa vya barua vyenye nembo vinahitaji kusogezwa kidogo.

Alishauri pia nibadilishe hadi diski kwa SSD, diski ya kisasa yenye kasi zaidi, ya GB 120. Hesabu yote: SSD 45,000, betri 2,000, usafi na pesti 10,000, kazi ya kunakili na kuweka mfumo 25,000. Jumla 82,000. Sasa mashine inawaka chini ya dakika moja na feni haisikiki.

Malalamiko ninayo. Aliniambia siku moja, ikawa tatu. Siku ya pili sababu ilikuwa ya haki: umeme ulikuwa unakatika Makoroboi yote, na hakutaka kuanza kuweka mfumo kabla UPS yake, ile betri ya akiba ya kompyuta, haijajaa. Siku ya tatu alikuwa tu na wateja wengi, na angeweza kunipigia simu nisipande daladala bure kutoka Kirumba. Risiti nilipewa baada ya kuomba mara mbili. Na kibanda hakina pa kukaa mteja. Mimi nilikaa kwa sababu aliniachia kiti chake, yeye akafanya kazi amesimama.

Hadi diski ya zamani alinirudishia ikiwa imefungwa kwa gazeti, juu ameandika kwa kalamu ya wino mzito: USIFUTE, KAZI ZA MAMA. Wiki ijayo nampelekea kompyuta ya kwaya yetu. Nayo ina miaka tisa ya nyimbo ndani, na nimeshamwambia mwenyekiti asimpe mtu mwingine yeyote.