Flashi ya Betri kwa Picha za Nje: Ipi Uanze Nayo

Anayetafuta flashi yake ya kwanza ya kupigia picha nje ya studio huuliza jambo moja: ina nguvu kiasi gani? Swali si baya, ila ni nusu. Nusu iliyobaki ni hii: utapiga picha kwenye jua la saa ngapi, na flashi itasimama umbali gani na mtu? Ukishajibu hayo, orodha ndefu ya madukani hupungua yenyewe hadi ikabaki na vifaa vitatu au vinne.

Nguvu ya flashi hupimwa kwa wati-sekunde, na kwenye maboksi huandikwa Ws. Hiyo ni nishati iliyohifadhiwa kwenye kapasita kabla flashi haijawaka, si mwanga unaomfikia mtu. Kioo cha mbele, kitambaa cha softiboksi (sanduku la kitambaa linalolainisha mwanga) na umbali, kila kimoja hula sehemu yake. Ukiongeza Ws mara mbili unapata stopu moja tu, yaani mwanga mara mbili. Kutoka 400 kwenda 600 unapata nusu stopu na ushee, na kiasi hicho hicho karibu ungekipata kwa kusogeza stendi kutoka mita 2.4 hadi mita 2. Ukiusogeza mwanga hadi nusu ya umbali wa awali, unapata stopu mbili bila kulipia chochote.

Sasa chukua mchana wa jua kali, anga haina wingu. Kamera iko ISO 100, shata 1/200, lenzi f/11 (f ni kipimo cha tundu la lenzi), na mandhari ya nyuma imekaa vizuri. Mtu amelielekezea jua mgongo, kwa hiyo uso uko kivulini. Ili uso usizidiwe na mandhari, mwanga wa flashi unatakiwa ufike usoni ukitosha kwa lenzi ya f/8 hadi f/11 baada ya kupita kwenye softiboksi. Flashi ya kupachika juu ya kamera, yenye Ws 76 hivi, haitafika huko ikiwa mita 2 ndani ya softiboksi. Ya Ws 200 itafika ukiisogeza mpaka softiboksi inakaribia kuingia kwenye picha. Ya Ws 600 itafika na kubakiza akiba. Jioni jua likishuka, ile ya 200 inatosha na kuzidi, na utajikuta unaishusha hadi robo ya nguvu.

Kuna kitu kingine wauzaji hukisifia bila kukutajia gharama yake: HSS, uwezo wa kutumia flashi kwenye kasi kubwa za shata. Ukitaka mandhari ya nyuma iwe na ukungu kwenye jua lile lile, unafungua lenzi hadi f/4 na kupandisha shata hadi 1/1600. Kwa kasi hiyo shata haifunguki yote kwa pamoja. Mwanya mwembamba ndio unaopita mbele ya sensa, na flashi hulazimika kumulika mfululizo muda wote mwanya unapopita. Sehemu kubwa ya mwanga huo huishia kwenye shata iliyofungwa. Unapoteza stopu mbili hivi, pengine zaidi, kwa hiyo flashi ya Ws 600 inafanya kazi kama ya 150. Njia ya pili ni kubaki 1/200 na kufunga filta ya ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga, ya stopu tatu kwenye lenzi. Flashi haipati hasara hiyo, ingawa kwenye kioo cha kutazamia utaona giza na kamera nyingine hutafuta fokasi kwa shida. Kwa picha za mtu aliyetulia naichagua filta. Kwa mtoto anayekimbia, HSS.

Sasa orodha yenyewe, kwa mpangilio ninaoutetea mimi.

1. Flashi ya Ws 200 yenye vichwa viwili

Mfano unaojulikana zaidi ni Godox AD200Pro. Ina kichwa bapa kama cha flashi ya kamera, na kingine cha balbu iliyo wazi ambayo hutawanya mwanga pande zote na kuijaza softiboksi vizuri. Betri yake hutoa mipigo 500 hivi ya nguvu kamili, na flashi hujaa tena ndani ya sekunde 1.8. Inaingia kwenye mfuko wa lenzi. Kinachoiweka nafasi ya kwanza si wepesi huo peke yake. Ukinunua ya pili baadaye, kuna kishikilizi kiitwacho AD-B2 kinachobeba mbili kwa pamoja ndani ya softiboksi moja, na hapo una Ws 400. Siku unayohitaji mwanga wa usoni na mwingine wa nyuma ya kichwa, unazitenganisha. Hakuna flashi kubwa moja inayoweza kukufanyia hivyo.

Kasoro zake zipo. Taa ndogo ya kuelekezea mwanga ni hafifu na haitakusaidia mchana. Umbo lake la tofali linahitaji kishikilizi cha pembeni, kama S2, ndipo ikubali softiboksi za Bowens (aina ya kishikizo), na kishikilizi hicho ni lazima ukihesabu kwenye bajeti.

2. Ws 300 hadi 400

Kama kazi yako kubwa ni watu wawili watatu kwa wakati mmoja, mchana, na hutaki kuunganisha vipande, anzia hapa. Godox AD400Pro hujaa ndani ya sekunde moja na hutoa mipigo 390 ya nguvu kamili; Westcott FJ400 hujaa ndani ya sekunde 0.9 na hufika mipigo 480. AD300Pro ni nyepesi kuliko hizo, ina nguvu kidogo zaidi ya AD200Pro, na huwaka mwanga endelevu unaobadilika kati ya wa manjano na mweupe, unaofaa pia kwa video fupi.

Muda wa kujaa una maana kuliko unavyodhani ukiusoma kwenye karatasi. Bibi harusi anacheka, unabonyeza, picha ya kwanza inatoka safi. Kicheko kinafika kileleni, unabonyeza tena, na kwenye skrini uso ni mweusi: kapasita ilikuwa bado haijajaa. Mlio wa flashi unakuja baada ya kicheko kwisha. Ndiyo maana flashi kubwa inayofanya kazi kwa nusu ya nguvu humfaa mpiga picha za matukio kuliko ndogo inayokamuliwa hadi mwisho.

3. Flashi ya juu ya kamera yenye betri ya lithiamu

Usiidharau. Godox V1 au V860III hutoa mipigo 480 hivi ya nguvu kamili kwa chaji moja na hujaa tena kwa sekunde 1.5. Zile za betri nne za AA hujaa polepole, na huchelewa zaidi betri zikichoka. Kwa picha za jioni, kivulini, ndani ya ukumbi wenye dari nyeupe, hii inatosha, na ukija kununua kubwa, ndogo inabaki kuwa ya pembeni. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya jua la mchana tu. Asiyepiga picha mchana aipandishe hadi ya kwanza.

4. Ws 600

Godox AD600Pro hujaa kwa sekunde 0.9, mipigo 360, na ina kishikizo cha Bowens moja kwa moja. Inafanya inachoahidi. Ila ina uzito wa kilo 3 hivi, na kilo 3 zikiwa juu ya stendi yenye softiboksi pana ni tanga la mashua. Upepo mdogo tu unaiangusha. Kwa hiyo ukiinunua, umenunua pia stendi nene, mfuko wa mchanga na, ikiwezekana, msaidizi. Inafaa kwa vikundi vikubwa, matangazo ya mavazi, magari, na yeyote anayelazimika kupiga saa sita mchana kila wiki. Waya wa kurefushia kichwa huiacha betri chini na kupandisha balbu pekee, na hilo hupunguza hatari ya kuanguka.

5. Profoto na Elinchrom

Ni vifaa bora, na bei zake ziko mbali na hizo nyingine. Profoto B10X Plus ina Ws 500 ndani ya umbo dogo ajabu, lakini betri moja hutoa mipigo 200 tu ya nguvu kamili. Elinchrom FIVE ina Ws 522, mipigo 450, na unaweza kuichaji kwa USB-C huku unaitumia. Unacholipia ni rangi ya mwanga isiyoyumba, uimara na huduma ya matengenezo. Kama wateja wako hawapimi rangi ya kitambaa kwa jicho la mwenye kiwanda, fedha hiyo itakufaa zaidi kwenye lenzi.

Kabla hujalipa, chagua familia moja ya triga, kifaa cha juu ya kamera kinachoiamuru flashi iwake. Mfumo wa redio wa 2.4 GHz wa Godox hauzungumzi na wa Profoto, na triga ya Canon haifanyi kazi zake zote kwenye Sony. Flashi zilizo ndani ya familia moja huamriwa na triga moja, kubwa kwa ndogo. Kishikizo nacho kina familia zake: softiboksi za Bowens ndizo nyingi na nafuu kuliko zote.

Wasafiri wa ndege waangalie Wh (wati-saa) ya betri. Kikomo cha kawaida ni 100, na betri za akiba hubebwa mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Ya AD200Pro ni 42 hivi, ya AD600Pro ni 75 hivi, zote zinapita. Zidisha volti kwa Ah (ampea-saa) na utajua ya kwako.

Kwa mtumba, nenda na kamera. Elekeza flashi kwenye ukuta mweupe, weka mipangilio yote kwa mkono, si otomatiki, piga mara kumi kwa nguvu zote ukisubiri mlio kila mara, kisha linganisha picha. Zikitofautiana mwanga au rangi, balbu au kapasita imechoka. Flashi iliyolala kabatini muda mrefu ianzishwe kwa nguvu ndogo kwanza. Chomoa betri uikague na mbavu zake. Ikiwa imevimba hata kidogo, usiichukue, na bei ya betri mpya uitoe kwenye ile aliyokutajia muuzaji.