Besiboli ya mtoto: majaribio ya timu kali au Little League ya mtaani?

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hili swali haliishi. Kwa hela Little League (ligi ya besiboli ya watoto ya mtaani) inashinda wazi, ada ndogo na uwanja uko jirani, ila timu kali, zile za kusafiri kwenda kucheza, mtoto akishapita majaribio ndo bili zinaanza, hoteli, mafuta, yunifomu, wikiendi nzima mnakula baga kwenye gari. Namba je? Little League kila mtoto lazima aingie, kule timu kali wangu alisugua benchi mechi nzima na nimelipia 😩 Ila kwa ushindani timu kali ziko juu, sibishi. Bega la kurushia nalo: Little League mrushaji wa miaka 11-12 mwisho kurusha mipira 85 kwa siku, kwingine mchunge mwenyewe. Dogo ana miaka 9 na glavu bado inampwaya? Mtaani panatosha. Ana 14, anaomba mwenyewe na mfuko unaruhusu, mpeleke.