Biblia ya zipu (Union Version) ya 25,000, nimekaa nayo miezi nane

Zamani nilikuwa nasoma Biblia kwenye simu, sasa mwezi wa kwanza simu nikaiweka bondi ndo nikaenda duka moja la vitabu vya dini hapa Mwanza mjini nikachukua hii, Union Version, jalada jeusi, ya zipu. Dada yangu alinisema sana maana kipindi hicho nilikuwa na mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, rejesho kila siku, na mtaji wa genge ulishaliwa wote na dawa za mtoto. Nilimwelewa. Ila nilikuwa nimefika mahali usiku silali, nahesabu tu.

Lugha yake ni ya zamani, tafsiri ya 1952, iliitwa Union kwa sababu kabla yake kulikuwa na ya Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar, na ya Kimvita, cha Mombasa, ikatakiwa moja ya wote. Wengi watakwambia nunua Biblia ya Habari Njema, lugha yake ni nyepesi, na kweli mtoto wangu wa darasa la tano anaielewa haraka zaidi. Mimi ule ugumu ndo umenisaidia. Usiku mmoja nasoma 2 Wafalme 4, yule mjane anamlilia Elisha, mume kafa, "na aliyemwia amekuja" kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Aliyemwia?? Sikulijua hilo neno, kesho yake nikamuuliza mama mchungaji akaniambia mwanangu, ni anayemdai. Jamani. Asubuhi hiyohiyo kijana wa marejesho alikuwa amekaa mlangoni kwangu juu ya ndoo, helmeti hajavua, anaangalia ndani anahesabu magodoro kwa macho.

Nikarudi kuisoma tena polepole nikaona kitu ambacho sijawahi kusikia kikihubiriwa, Elisha hakutoa hela. Alimuuliza una kitu gani nyumbani. Yule mama ana chupa ya mafuta tu, akatumwa akaazime vyombo kwa majirani, akawa anamimina humo na mafuta yanazidi kutoka, yakakoma pale vyombo vilipoisha. Mimi nilikuwa na jiko la mkaa na karai. Kuazima ndo kulikuwa kugumu, nilikuwa naona aibu mtaa ujue, lakini nikaenda nikaazima dumu la mafuta lita tano kwa jirani nikaanza kukaanga mihogo jioni. Deni halijaisha, nimebakiza 140,000, na kuna siku muhogo unabaki nalia kabisa. Ila sijioni tena kama Mungu kanitupa, najiona yule mama akiwa bado anamimina, hajamaliza vyombo.

Haya, Biblia yenyewe. Karatasi ni nyembamba ila haichaniki ovyo, ina alama za vitabu pembeni unafungua haraka. Maandishi madogo mno, kama unasomea taa ya sola au umeshavuka miaka 45 usichukue saizi hii, ongeza hela uchukue kubwa. Zipu ilikufa mwezi wa tatu, nikaenda kwa fundi viatu kaniwekea nyingine kwa 2,000 iko poa mpaka leo. Na ukiwa na mikono ya mafuta usiishike, ukurasa wangu wa 2 Wafalme una doa kubwa linaonekana mpaka upande wa pili. Nyota nne.