Gitaa la studio au jina lako kwenye jalada?

Cornell Dupree wa Fort Worth, Texas, mpiga gitaa wa kukodiwa studio, alimpigia gitaa mwimbaji Aretha Franklin na mpiga saksafoni King Curtis. Zile noti chache za taratibu zinazofungua "Rainy Night in Georgia", wimbo wa Brook Benton wa 1970, ni zake. Mlio tunaujua, jina wengi hatulijui. Mpiga gitaa George Benson alishika njia nyingine, ya jina lake kwenye jalada: albamu yake Breezin' ya 1976 ikamfanya nyota.

Kwa pesa ya uhakika, studio inashinda: kipindi cha saa 3, ujira uliopangwa na chama cha wanamuziki, unakwenda zako kulala kwako. Ila wimbo ukivuma miaka 50, mrabaha wa mauzo kwa kawaida si wako. Mwenye jina anaupata, lakini bendi atailipa hata ukumbi ukiwa mtupu.

Una watoto wadogo? Studio. Una sauti na nyimbo zako mwenyewe? Hapo ningesita kukuambia studio.