Pikipiki ndogo za mipigo miwili za kwenda nazo kazini: kagua sili kabla ya rangi

Kila kiangazi kinapoingia Uingereza malalamiko huwa yale yale. Mtu kanunua pikipiki ndogo ya michezo, cc 125, ya mipigo miwili, imeng'arishwa, ina plastiki mpya na stika za mashindano. Wiki ya tatu yuko kwenye foleni, anaachia mafuta akikaribia taa nyekundu, tairi la nyuma linajifunga. Injini imekamata, yaani pistoni imekwama ndani ya silinda. Muuzaji akipigiwa simu anauliza kama oili iliwekwa. Oili ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

Mwongozo huu ni wa anayetaka mashine ya namna hiyo kwa safari za kila siku: kilomita 10 kwenda, 10 kurudi, mvua na baridi, taa kila baada ya hatua chache. Matairi, cheni, breki na kadi ya umiliki siviongelei. Hayo anayajua hata anayenunua baiskeli. Nitakaa kwenye kitu ambacho matangazo hayakitaji kabisa, nacho ni sili za kranki, pete zinazoziba pale mhimili unaozungushwa na pistoni unapotokeza nje ya injini.

Pete mbili za mpira

Injini ya mipigo miwili hutumia keisi ya kranki, yaani kisanduku kinachobeba mhimili huo, kama pampu. Pistoni ikipanda, chini yake panakuwa na mvuto unaoingiza hewa, petroli na oili kupitia kabureta. Ikishuka, mchanganyiko ule unasukumwa juu kuingia kwenye silinda. Keisi ikipitisha hewa hata kidogo, hesabu yote imeharibika. Na kranki hutokeza pande mbili za keisi, kila upande ukizibwa na pete ya mpira yenye springi nyembamba ndani yake. Upande wa magneti, gurudumu linalozalisha umeme wa injini, ni mkavu, nje yake ni hewa tupu. Upande wa klachi, nje yake ni oili ya giaboksi.

Mpira ule unaishi kwa kulowana. Pikipiki ikilala bandani miaka mitano au sita, mdomo wa sili unakauka na kukakamaa, halafu siku injini inapowashwa unalika. Petroli ya sasa nayo haisaidii: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake. Weka supa ya E5, ulipe tofauti.

Sili ya magneti ikichoka, keisi inavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Petroli inakuwa haba, na joto linapanda. Pistoni ni ya aluminiamu, inatanuka haraka kuliko silinda, inakwama. Mjini ndiko kubaya zaidi. Ukiachia mafuta, kabureta imefungwa, mvuto ndani ya keisi unatafuta pa kupitia na unapata lile tundu la sili. Barabara kuu nako kuna hatari, ila huko unaachia mafuta mara chache. Wewe unayeachia mafuta mara 40 kati ya nyumbani na kazini unaijaribu bahati kila mara.

Sili ya klachi ikichoka, injini inakunywa oili ya giaboksi. Hapo utaambiwa "hizi zote hutoa moshi". Ndiyo, hutoa, asubuhi. Injini ikishapata moto vizuri moshi unapaswa kupungua ubaki ukungu mwepesi. Ukiendelea mzito na mweupe baada ya dakika 10 barabarani, na giaboksi inapungua oili bila kuonekana inavuja popote, jibu umelipata.

Ukienda kuangalia pikipiki, mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Fika, gusa silinda kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa. Kunywa chai, subiri ipoe. Iwashe mwenyewe, iache ipate joto, kisha ivute hadi mizunguko 5,000 na uachie ghafla. Mshale wa mizunguko ushuke mara moja. Ukining'inia juu sekunde mbili tatu ndipo ushuke polepole, injini inapata hewa ya wizi. Vilevile mngurumo wa kutulia usipande wenyewe kadiri injini inavyopata joto. Ukiruhusiwa, fungua kifuniko cha magneti: nyuma ya gurudumu lake pawe pakavu. Ukikuta utando mweusi wenye harufu ya petroli, sili imekwisha.

Kipimo chenyewe kinafanyika gereji, na fundi anayeijua mipigo miwili hakikwepi. Unavua kabureta na eksozi, unaziba matundu yote mawili kwa mpira, unaacha plagi mahali pake, unajaza hewa kwa pampu ndogo hadi presha ya psi 6. Usizidishe, utaisukuma sili itoke. Injini nzima inapoteza si zaidi ya psi 1 kwa dakika. Ikishuka haraka, paka maji ya sabuni kwenye gasketi za silinda, kwenye shina la valvu ya eksozi kama ipo, na nyuma ya magneti. Hakuna povu popote? Fungua kifuniko cha kujazia oili ya giaboksi, tandaza utando wa sabuni juu ya tundu. Ukivimba kama puto, ni sili ya klachi.

Upande wa magneti sili kwa kawaida hutoka bila kupasua injini: unavuta gurudumu kwa pula yake, unaitoa, unapaka grisi mdomo wa mpya na kuigonga taratibu iingie sawa. Upande wa klachi inategemea modeli. Nyingine imebanwa katikati ya keisi, na hapo injini nzima inafunguliwa. Sili zenyewe ni bei rahisi. Kinacholipiwa ni kazi, ndiyo maana wauzaji wengi huiruka.

1. Yamaha TZR125

Sifichi upendeleo wangu. Kwa mjini TZR inazishinda zote, na si kwa mbio. Ilianza kuuzwa mwaka 1987, na injini yake ni ndugu wa ile ya DT125R ya kupozwa kwa maji na ya TDR125. Kwa hiyo vipuri vingi vya ndani vinapatikana kutoka kwa pikipiki za porini zilizouzwa kwa wingi miaka mingi baadaye. Msomaji wa Tanzania au Kenya atakumbuka DT ya bwana shamba. Ile ilikuwa ya kupozwa kwa hewa, injini nyingine, lakini tabia ni hiyo hiyo ya kuvuta toka chini. TZR inaondoka kwenye taa bila kuililia klachi. Ina kiki, kwa hiyo betri iliyokufa asubuhi ya Januari haikulazi nyumbani.

Ubaya wake: ni kuukuu. Zile za 1987 na 1988 zimepita mikono mingi, na nyingi zina waya za umeme zilizoungwa kwa utepe wa gundi. Tazama pia pampu ya oili. Kwenye pampu kuna alama mbili ambazo lazima zikutane kebo ikiwa kwenye nafasi iliyotajwa na kitabu cha modeli hiyo. Kebo ikilegea, pampu inachelewa, na injini inakosa oili kila unapovuta mafuta.

2. Honda NSR125

Ilitengenezwa Italia, kwenye kiwanda cha Honda cha Atessa. Kati ya hizi zote ndiyo iliyoungwa vizuri zaidi, na inastahimili foleni bila kuchafua plagi upesi. Toleo la taa mbili la miaka ya 1990 limefunikwa na plastiki nyingi, na hiyo ndiyo gharama yake: kufikia kabureta au plagi unavua vipande kadhaa, na vikono vyake vilivyovunjika havirudi. Ukikuta iliyolala muda mrefu, hesabu sili kama sehemu ya bei.

3. Aprilia RS125

Hii ndiyo kila kijana anaitaka, nami naelewa. Injini ni Rotax, milimita 54 kwa 54.5, na ikifunguliwa kabisa inakaribia hospawa 30. Tatizo ni hilo neno "ikifunguliwa". Kwa cheti cha mafunzo cha CBT, sheria ya Uingereza inaruhusu cc 125 zisizozidi kilowati 11, yaani kama hospawa 15. RS iliyofunguliwa ukiiendesha kwa CBT, huna leseni wala bima inayokulinda. Iliyofungwa nayo inachosha: nguvu imekatwa, uzito na ulaji umebaki.

Mjini valvu yake ya eksozi, inayoitwa RAVE, inakwama kwa masizi kwa sababu injini haipati nafasi ya kukimbia. Ivue na kuisafisha kila kilomita 4,000 hivi. Iliyofunguliwa, panga pistoni na ringi karibu na kila kilomita 10,000. Kwa kilomita 20 kwa siku hiyo ni takriban miaka miwili. Angalia pia kama pampu ya oili bado ipo. Waliozipeleka kwenye mashindano waliing'oa na kuziba tundu lake kwa kipande cha bati. Maana yake utachanganya mwenyewe, mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, kila unapojaza, ukiwa umevaa glavu na kuna foleni nyuma yako.

Hata hivyo, London inaweza kuipandisha RS hadi namba moja. Nitafika huko.

4. Cagiva Mito

Mito EVO ni nzuri kuliko pikipiki nyingi za bei mara tatu. Iliundwa kwa sura ya Ducati 916, na Massimo Tamburini ndiye aliyeichora. Lakini zile za kwanza zina gia 7. Saba! Nguvu imejazana juu ya mshale, na kati ya taa moja na nyingine mguu wa kushoto haupumziki. Usukani haukunji vya kutosha kupenya kati ya magari mawili yaliyosimama. Iwe ya Jumapili.

Suzuki RG125 ni ya bei nafuu na si mbaya, vipuri ndiyo kazi. Za cc 50, RS50 na Derbi GPR, zimefungwa zisizidi kilomita 45 kwa saa; basi litakupita.

London ina hesabu yake

Tangu 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ, ambamo vyombo vyenye moshi mchafu hulipishwa, linafunika mitaa yote ya London. Pikipiki isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 3 inalipa pauni 12.50 kwa siku. Siku tano kwa wiki, wiki 48: pauni 3,000 kwa mwaka. Usipolipa, faini ni pauni 180, nusu yake ukilipa ndani ya siku 14. Kwa kawaida zilizosajiliwa baada ya Julai 2007 zinapita, na kati ya hizi za mipigo miwili ni RS za mwisho, na Mito za mwisho, ndizo zinazoingia humo. Andika namba ya usajili kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, kabla ya kupanda treni kwenda kuiona; usimwamini muuzaji anayesema "hailipi".

Kuna mlango wa pembeni. Kinachoangaliwa ni oksidi za naitrojeni, zisizidi gramu 0.15 kwa kilomita, na injini ya mipigo miwili, pamoja na uchafu wake wote wa moshi, hutoa kidogo sana za aina hiyo. Pikipiki ya zamani inaweza kupelekwa kupimwa na matokeo kutumwa TfL. Birmingham, Bristol na Glasgow hazitozi pikipiki, kwa hiyo wakazi wa huko warudi juu wakachukue TZR.

Ya kila wiki

Kwa kilomita 4,800 kwa mwaka, kwa lita 5 kila kilomita 100, utatumia petroli lita 240 na oili karibu lita 5. Nunua oili ya mipigo miwili iliyo nzuri, isiyo na masizi mengi. Beba plagi ya akiba na spana ya plagi ya milimita 21 chini ya kiti. Usiweke plagi ya moto (inayobaki na joto zaidi) kuliko ya kitabu ili kuepuka uchafu. Kwa plagi za NGK namba ndogo ndiyo ya moto, na ya moto kupita kiasi hutoboa pistoni. Badala yake, mara moja kwa wiki itoe nje ya mji, ipate moto, ivute hadi juu dakika 10. Masizi ya eksozi yataungua.

Na bei hizi

Zilikuwa pikipiki za wanafunzi. Sasa mtu anaweka TZR sebuleni, anaipiga picha kando ya maua, na kuiita uwekezaji, halafu anataka bei ya pikipiki mpya kwa mashine ambayo hajaiendesha tangu 2015. Kulala kote huko, ambako ndiko kunakoua sili, kwenye tangazo kunaandikwa kama sifa: "kilomita chache, imetunzwa ndani". Ni mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni la hariri. Wengine huandika "injini imejengwa upya" kwa pistoni na ringi mpya peke yake. Pistoni mpya juu ya sili kuukuu itakamata vilevile, tena mapema, maana inabana zaidi.

Kwa hiyo ukiona maneno hayo, uliza jambo moja kabla ya kuomba punguzo: sili za kranki zilibadilishwa lini, na risiti ya gereji iko wapi? Wengi watakutumia picha ya pistoni.