Mafuta ya matairi kwenye tanuri la sufuria: nimeyatumia miezi minne

Karakana yetu iko Vingunguti, Dar es Salaam, tunayeyusha skrepa ya alumini na kumimina sufuria. Miaka yote tanuri letu limekula oili chafu ya gereji. Sasa gereji wameshtuka kuwa uchafu wao ni mali, bei imepanda, nikaamua kujaribu mafuta yanayotengenezwa kwa matairi makuukuu. Aliyeniuzia simtaji. Nilichukua mapipa mawili: moja la matairi matupu, jingine "mchanganyiko", yaani matairi na plastiki.

La matairi ni jepesi, karibu na dizeli, jeusi, na harufu yake ya mpira ulioungua inakufuata hadi nyumbani. Mke wangu alinivulisha shati mlangoni. Lakini kwa moto, sina neno. Alumini inataka nyuzijoto 660 ndipo iyeyuke; chungu kilichokuwa kikinichukua saa moja na nusu sasa kinaiva robo saa mapema, tena bila kupasha mafuta kwanza asubuhi.

Siku ya tatu nikaiona joto ya jiwe. Nozo, yaani mdomo unaorushia mafuta tanurini, iliziba chungu kikiwa katikati. Kijana anachokoa kwa waya wa breki ya baiskeli, bloa, feni ya kupulizia moto, imezimwa, alumini nayo inaanza kushika ngozi juu kama uji uliopoa. Ndani ya nozo tukakuta unga mweusi, laini kama wanja. Ni kaboni ya tairi lenyewe. Kule kiwandani tairi halichomwi, linapikwa kwenye tangi lisiloingiza hewa, mvuke wake unapozwa unakuwa mafuta, zinabaki nyaya na huo unga. Mpishi akiwa na haraka, unga unapanda na mvuke. Siku hizi nayalaza pipani siku mbili, natoa maji na tope la chini, kisha nachuja kwa kipande cha khanga kilichokunjwa mara nne. Nozo haijaziba tena.

Jingine: yanadaka moto upesi. Oili chafu ikimwagika unarushia mchanga tu na kuendelea na kazi. Haya pipa lake nimelihamishia mbali kabisa na tanuri. Na yana salfa, moshi wake unakera pua, kwa hiyo refusha bomba la moshi kabla majirani hawajaja.

Mchanganyiko ndio hasara. Asubuhi nilifungua kifuniko nikakuta kitu kama samli, kijiti kinasimama wima. Ni nta, ndivyo plastiki ya mifuko na madumu inavyotoka. Nikayapasha, yakawaka, ila moshi ulituwasha macho wote. Nikampigia muuzaji kumuuliza kama walitia na mabomba ya PVC, maana hayo yakipikwa hutoa asidi inayokula bati. Akacheka.

La matairi nimeshanunua pipa la tano. La mchanganyiko bado liko nyuma ya banda. Ameniahidi kulifuata Jumamosi hii, na hii ni Jumamosi ya tatu.